Mkono wa Pili wa Bi. Marie Curie

Jina la Bi. Marie Curie si geni kwa mtu aliyepata kukaa darasani. Wengi wajua kwamba yeye na mumewe walivumbua radiamu, na kwamba alitunukiwa Nishani ya Nobel mara mbili. Swali ambalo aghalabu halikumbukwi ni hili: bibi huyu alipokuwa kazini, mwanawe alikuwa mikononi mwa nani?

Alizaliwa mjini Warsaw, Poland, tarehe 7 Novemba 1867, akaitwa Maria Skłodowska. Mamake alifariki yeye akiwa na umri wa miaka 10. Zama hizo Warsaw ilikuwa chini ya Warusi, na chuo kikuu chake hakikupokea wanawake. Basi Maria akapatana na dadake, Bronia. Maria akaenda kufundisha watoto majumbani mwa matajiri, na sehemu ya mshahara akampelekea Bronia aliyekuwa akisomea uganga Paris; naye Bronia akishasimama, amvute mwenziwe. Ahadi ikatimizwa. Mwaka 1891 Maria akawasili Paris.

Alipata shahada ya fizikia mwaka 1893 na ya hesabu 1894. Mwaka 1895 akaolewa na Pierre Curie, mwalimu wa sayansi, na tarehe 12 Septemba 1897 wakamzaa Irène. Hapo ndipo wengi wangefunga madaftari. Alikuwa ndiyo kwanza aanza, hana cheo wala mshahara wa utafiti. Yaya aliajiriwa, lakini moyo wa mzazi hautulii. Mara nyingine aliacha vyombo vyake akatoka mbio kutazama kama mtoto yu salama.

Msaada ulikuja kwa mlango wa msiba. Siku chache baada ya Irène kuzaliwa, mavyaa yake Marie alifariki. Bavyaa, Dr. Eugène Curie, tabibu aliyekwisha kustaafu, akahamia kwa mwanawe. Mzee huyo akawa mlezi wa mjukuu wake, mwalimu wake na mwenziwe wa michezo. Bavyaa kulea mtoto ili mkaza mwana aende maabara si jambo la kila siku, zama zile wala hizi.

Kwa utulivu huo, Marie aliingia katika banda bovu lililovuja mvua, akachemsha na kukoroga madini kwa mitulinga yake. Mwaka 1898 yeye na Pierre walitangaza poloniamu mwezi wa Julai, na radiamu mwezi wa Desemba. Nyumbani alikuwa na daftari jingine, alimoandika uzito wa Irène na meno aliyoota. Mwaka 1903 alipata shahada ya udaktari wa sayansi, na Nobel ya fizikia pamoja na Pierre na Henri Becquerel. Ndiye mwanamke wa kwanza kuipata.

Tarehe 19 Aprili 1906 Pierre alikanyagwa na gari la farasi, akafa. Irène alikuwa na miaka 8, na mdogo wake, Ève, hajatimiza miwili. Chuo cha Sorbonne kikampa Marie kazi ya marehemu, na Novemba akawa mwanamke wa kwanza kufundisha hapo. Mzee Eugène, ambaye mwanawe hayupo tena, angeweza kwenda zake. Hakwenda. Naye alipougua, Marie akakaa kando ya kitanda chake kila alipopata nafasi, hata mzee akafariki Februari 1910. Mwaka 1911 ikaja Nobel ya kemia.

Marie alifariki mwaka 1934. Mwaka uliofuata Irène, yule mtoto aliyelelewa na babu, akapata Nobel pamoja na mumewe.

Tusiseme, basi, kwamba kipaji peke yake chatosha. Kijana aliyetoka chuoni na mtoto mgongoni, au anayeuguza mzazi huku utafiti wamngoja, haombi huruma. Aomba saa chache na mtu wa kumshikia. Si kila nyumba ina Mzee Eugène. Pasipokuwa naye, chuo na mwajiri ndio wapasao kuwa mkono wa pili. Mkono mmoja haulei mwana, walinena wahenga; sembuse kulea mwana na elimu kwa pamoja.