Hans Cory

Hans Cory (jina la kuzaliwa: Hans Koritschoner, 1888 - 1962) alikuwa mtafiti wa mila na desturi mwenye asili ya Austria. Alifanya kazi Tanganyika akiwa mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni ya Uingereza. Anajulikana hasa kwa kuandika sheria za kimila za Wasukuma na Wahaya.

Maisha

Cory alizaliwa mjini Vienna. Alifika Afrika Mashariki wakati wa utawala wa Wajerumani. Kabla ya kuajiriwa na serikali alifanya kazi katika mashamba ya mkonge. Mwaka 1936, akitumia bado jina la Koritschoner, alitoa makala juu ya ngoma za mashetani.

Kazi

Mwaka 1945, pamoja na M. M. Hartnoll, alitoa kitabu juu ya sheria za Wahaya wa Bukoba. Kinaeleza mahari, urithi na ardhi, pamoja na umwinyi wa nyarubanja. Baadaye alichunguza Usukuma, kusini mwa Ziwa Viktoria. Kitabu chake juu ya ibada za mtemi kilitoka mwaka 1951, na kile cha sheria na desturi za Wasukuma mwaka 1953. Mwaka 1954 alionyesha kwamba mtemi hakutawala peke yake: kulikuwa na banang'oma, banangwa na viongozi wa vijana waliomwekea mipaka.

Aliandika pia juu ya michoro ya Bayeye, chama cha wacheza nyoka, na sanamu za udongo za jandoni na unyagoni.

Nafasi yake katika sosholojia

Sosholojia haikukua kwa namna moja katika nchi za Ulaya. Nchini Ufaransa, Émile Durkheim na Marcel Mauss walilinganisha jamii za mbali kwa kutumia maandishi ya watu wengine. Wataalamu wa Ujerumani na Austria walijali sana kukusanya vitu, masimulizi na kanuni za sheria. Uingereza, hasa baada ya Bronislaw Malinowski, mtafiti alitakiwa kuishi na watu na kueleza jinsi taasisi zao zinavyotegemeana. Kazi ya Cory ina alama za mapokeo haya mawili ya mwisho. Alikuwa mkusanyaji, lakini alikusanya miongoni mwa watu wenyewe, na kwa mahitaji ya utawala.

Urithi

Baada ya uhuru, kazi yake ilitumika katika mpango wa kuunganisha sheria za kimila za jamii zinazofuata ukoo wa baba. Matamko yake yalitolewa mwaka 1963, baada ya kifo chake. Desturi ambazo wazee waliweza kuzirekebisha kulingana na shauri lililo mbele yao zikawa vifungu vya maandishi. Kwa vifungu hivyo, mjane hapati sehemu ya mali ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo, na binti huwekwa daraja la mwisho.

Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi, lakini haikuzifuta. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake iliitaka Tanzania izibadilishe.

Hati nyingi za Cory zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.