Afisa Ushuru Aliyebadilisha Wiski ya Ireland

Simama mbele ya rafu ya wiski kwenye duka lolote la vinywaji hapa mjini. Chupa nyingi unazoziona pale zimepitia ubunifu wa mtu mmoja ambaye jina lake karibu halipo kwenye lebo hata moja. Mtu huyo ni Aeneas Coffey, na kabla ya kutengeneza mtambo uliomletea sifa, kazi yake ilikuwa kuwakamata watu wenye mitambo.

Nilimfahamu kwa sababu ya zawadi. Mjomba wangu anastaafu mwaka huu baada ya kufanya kazi ya ushuru mipakani karibu maisha yake yote ya utu uzima. Ndugu tulichanga, tukakubaliana tumnunulie chupa nzuri ya wiski ya Ireland kwa kuwa ndiyo anayoipenda. Kazi ya kuchagua nikatupiwa mimi, eti ndiye msomi wa ukoo. Sasa mimi sinywi pombe, na bei za chupa zile zinaweza kumeza nusu ya boom. Nikaamua kusoma kwanza. Kumbe historia ya kinywaji chenyewe ina afisa ushuru katikati yake.

Coffey alizaliwa mwaka 1780, akaingia kwenye idara ya ushuru nchini Ireland akiwa kijana mdogo. Wakati huo nchi ilitawaliwa na Uingereza, na serikali ilitegemea sana kodi ya pombe kali. Wananchi wa vijijini nao walikuwa na njia yao. Walipika poitín, ambayo unaweza kuiita ndugu wa gongo yetu, kwenye mitambo midogo iliyofichwa milimani na kando ya mito. Kwa mkulima maskini, shayiri iliyogeuzwa poitín ndiyo iliyolipa kodi ya shamba kwa mwenye ardhi.

Kwa hiyo afisa ushuru alikuwa adui, na chuki ile haikuwa ya bure. Sheria ya wakati huo iliruhusu eneo zima kutozwa faini pale mtambo mmoja ulipokutwa ndani yake, hata kama majirani hawakuhusika. Mwaka 1810, kwenye rasi ya Inishowen katika kaunti ya Donegal, kaskazini kabisa mwa Ireland, Coffey alivamiwa na watu wenye hasira. Walimpiga mpaka fuvu likapasuka, wakamchoma kwa singe mara mbili, na pigo moja likatoboa paja upande hadi upande. Alipona, akarudi kazini.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mjomba. Utotoni niliwahi kuwasikia watu mtaani kwao wakinyamaza akipita, wengine wakimwita majina nisiyoweza kuyaandika humu. Hakuwahi kulalamika mbele yetu. Mtu anayekusanya kodi anajenga shule na zahanati, lakini mlangoni mwa mtu anaonekana kama mwizi mwenye risiti. Sijui kama kuna jibu zuri kwa jambo hilo. Ila ninajua kwamba Coffey na watu wa Inishowen wote walikuwa na sababu zao.

Alipanda cheo hatua kwa hatua, na kufikia mwaka 1818 alikuwa Kaimu Inspekta Jenerali wa ushuru kwa Ireland nzima. Alisaidia pia kuandaa sheria ya mwaka 1823 iliyorahisisha kupata leseni, ili anayetaka kutengeneza pombe kali aweze kufanya hivyo kihalali. Mwaka uliofuata akaacha kazi. Alikuwa ametumia zaidi ya miaka ishirini kukagua mitambo ya kila aina, mikubwa na midogo, ya halali na ya wizi. Sasa akaingia mwenyewe kwenye biashara ya kutengeneza pombe jijini Dublin.

Ili kumwelewa hapa, lazima tujue wiski ilikuwa ikitengenezwaje. Shayiri iliyochachushwa ilichemshwa kwenye chungu kikubwa cha shaba, mvuke ukanaswa na kupozwa ukawa kileo. Waayalandi walirudia hatua hiyo mara tatu. Kila mara chungu kiliisha, kikasafishwa, kikajazwa upya. Ni kazi ya polepole, na inakula kuni na makaa kwelikweli.

Coffey hakuwa wa kwanza kuwaza mtambo usiosimama. Wengine Ireland na Scotland walishajaribu. Lakini wa kwake, aliopewa hataza yake mwaka 1830, ulifanya kazi vizuri kuliko yote. Ulikuwa na minara miwili. Katika mnara wa kwanza, pombe iliyochachuka ilimiminika kutoka juu kupitia sahani zenye matundu, huku mvuke wa moto ukipanda kutoka chini na kubeba kileo. Katika mnara wa pili kileo kile kilisafishwa zaidi. Bomba lililopeleka pombe baridi lilipita ndani ya mnara huo wa pili, hivyo lilipoza mvuke na lenyewe likapashwa moto bila gharama ya ziada. Mtambo ungeweza kwenda usiku na mchana, ukitoa kileo chenye nguvu inayozidi asilimia 90.

Wakubwa wa Dublin waliukataa. John Jameson mwenyewe alikuwa ameshafariki mwaka 1823, lakini kampuni ya familia yake na wenzake wakubwa, akina Power na Roe, walishikilia chungu cha shaba. Hoja yao ilikuwa kwamba kileo cha minara ni kisafi mno, hakina ladha, hivyo hakistahili kuitwa wiski. Mwaka 1878 walitoa hata kitabu kizima cha kuishambulia.

Waskoti walifikiri tofauti. Walichukua kileo chepesi cha mtambo wa Coffey, wakakichanganya na wiski nzito ya vyungu, wakapata kinywaji laini cha bei nafuu kilichouzwa dunia nzima. Mwaka 1909 tume ya kifalme mjini London ikaamua kwamba cha minara nacho ni wiski. Dublin ilikuwa imeachwa nyuma. Zikafuata vita vya uhuru, kupotea kwa masoko ya himaya, na marufuku ya pombe nchini Marekani kuanzia mwaka 1920 hadi 1933. Kufikia mwaka 1966, Jameson, Power na watengenezaji wa Cork walilazimika kuungana ili wasife. Tangu mwaka 1975 wiski zao zimetengenezwa Midleton, karibu na Cork, mahali penye vyungu na minara chini ya uongozi mmoja. Jameson ya leo, ile mnayoijua nyote, ni mchanganyiko wa vyote viwili.

Hivyo basi, ugomvi ule ndio unaousoma kwenye lebo unapochagua zawadi. Ukikuta neno Blended, ndani mmo kwa kawaida kuna kileo cha Coffey. Hiyo ni wiski laini, inamfaa anayeanza au anayependa kuchanganya na soda. Ukikuta Single Pot Still, umepata kile walichokitetea wazee wa Dublin: shayiri ya kimea na shayiri mbichi pamoja, kutoka kwenye chungu, yenye ladha nzito ya viungo. Redbreast na Green Spot ni za kundi hilo. Single Malt ni kimea kitupu cha kiwanda kimoja.

Namba ya miaka inahesabu wiski changa kuliko zote ndani ya chupa, na miaka ya kukaa dukani haihesabiwi, kwa sababu wiski hukomaa kwenye pipa tu. Kisheria ya Ireland lazima ikae kwenye mapipa ya mbao huko huko kisiwani si chini ya miaka mitatu. Usidanganywe na rangi, inaweza kuongezwa. Na kabla ya yote, hakikisha unayempa anakunywa kweli na nyumba yake haitakwazika.

Mjomba ni mtu wa kunywa kidogo, taratibu, bila barafu. Nikachagua ya chungu yenye miaka 12. Waliomkataa Coffey hawakukosea kuhusu ladha. Walichokosea ni kudhani kwamba ladha peke yake ingewalinda sokoni.

Coffey naye alihamishia shughuli zake London, akaanzisha na wanawe kampuni ya kujenga mitambo mwaka 1835. Wateja aliwapata, ila matajiri wa wiski wa nyumbani hawakuwa miongoni mwao. Leo ukitaka kuona jina lake kwa herufi kubwa mbele ya chupa ya wiski, tafuta ya kampuni ya Nikka. Inatoka Japani.