Utamaro na Fumbo la Majina

Katika mafundi wa picha wa nchi za mbali, sijamwona aliye karibu nasi watu wa mashairi kuliko Kitagawa Utamaro wa Japani. Silaha yake ilikuwa brashi, lakini fumbo alilijua barabara.

Aliishi Edo, mji uitwao leo Tokyo. Picha zake zilipigwa chapa kwa mbao: yeye huchora, mchongaji akakata mistari juu ya ubao wa mcheri, na mpiga chapa akapaka rangi na kukandamiza karatasi, kila rangi na ubao wake. Mchapishaji wake mkuu alikuwa Tsutaya Juzaburo. Kwa njia hiyo nakala zilitoka nyingi, na mtu wa kawaida akamudu kununua.

Alichora nini? Wanawake. Wa madanguro walikuwamo, naam; lakini walikuwamo pia mama anyonyeshaye, wapikao jikoni, wapiga mbizi wa makome, na ajitazamaye kiooni. Kisha akawasogeza karibu, kuanzia kifuani kwenda juu, hata msomaji angedhani yumo chumbani nao. Mmoja wao ni Okita, msichana aliyeandaa chai katika mkahawa wa Naniwaya. Sura yake na jina lake vikavuma mjini.

Wakubwa hawakupendezwa. Mwaka 1793 wakakataza kuandika jina la mwanamke yeyote asiyekuwa wa danguro. Utamaro akatia vijipicha pembeni: mshale, kwao ni ya, bahari kuu, oki, konde la mpunga, ta. Mwenye kufumbua akalipata jina la Okita. Mwaka 1796 mafumbo hayo nayo yakapigwa marufuku, na mwaka 1800 zikafuata picha za sura kubwa.

Mwaka 1804 alimchora Hideyoshi, mtawala aliyekufa tangu 1598, pamoja na wake zake. Hapo akatiwa pingu siku 50. Mwaka 1806 akafa.

Nimejiuliza mara nyingi: jina la msichana wa chai lina hatari gani kwa dola? Naona ni hii: atajwaye kwa jina huwa mtu, na wadogo wakishakuwa watu, ukubwa wa wakubwa hupungua. Maofisa waliotia saini amri zile, ni wachache leo wawajuao. Jina la Okita lingali likisomwa.