Aliyetupa neno gesi hakuipima hewa

Neno gesi, tunalolitamka kila tuwashapo jiko, lina baba anayejulikana, jambo ambalo ni nadra katika taaluma ya lugha. Aghalabu maneno huzuka vinywani mwa watu, asijulikane aliyeyatamka kwanza. Hili lilibuniwa na Jan Baptist van Helmont, tabibu na mwanakemia aliyezaliwa Brussels mwaka 1580, wakati nchi tuiitayo leo Ubelgiji ilipokuwa chini ya mfalme wa Uhispania. Alilichota katika neno la Kigiriki, khaos, yaani vurugu iliyokuwapo kabla ya ulimwengu kupangika. Kwa kuwa herufi g ya lugha ya kwao hutamkwa kooni, karibu na gh yetu katika ghali, mabadiliko hayo ni madogo kuliko yanavyoonekana katika maandishi.

Alisomea Louvain, akaikataa shahada yake ya kwanza kwa kuiona ni fahari tupu. (Sisi tuvaao majoho kila mwaka hatupendi kukumbushwa hayo, ingawa yeye naye alirudi akatwaa udaktari wa tiba mwaka 1599.) Alizuru Uswisi, Italia, Ufaransa na Uingereza, akaoa katika ukoo wenye mali mwaka 1609, kisha akajizamisha katika majaribio yake. Maandishi yake ya mwaka 1621 kuhusu kuponya majeraha yalimletea uhasama wa Kanisa. Mwaka 1634 alikamatwa, kisha akazuiliwa nyumbani kwake. Alifariki mwaka 1644, na vitabu vyake vikuu vilichapishwa na mwanawe miaka minne baadaye.

Sifa yake kuu ilikuwa mizani. Alichoma ratili 62 za makaa ya mwaloni, akabakiwa na ratili 1 ya majivu. Zile nyingine 61, alisema, ziligeuka gesi, ile ile itokayo katika mvinyo unaochacha. Hiyo ndiyo kaboni dayoksaidi, ambayo wengine wetu huiita hewa ya ukaa.

Jaribio lake la pili kila mwalimu wa sayansi hulijua. Alitia katika chungu ratili 200 za udongo mkavu, akapanda mche wa mwerebi wa ratili 5, akaufunika udongo kwa bati lenye matundu ili vumbi lisiingie, na kwa miaka 5 akaumwagilia maji tu. Mti ulifikia ratili 169 na zaidi kidogo, tena bila kuhesabu majani yaliyopukutika. Udongo ulipungua wakia 2 hivi. Akahitimisha kwamba mti wote ni maji.

Hapo ndipo ninaposhangaa kila nisomapo habari zake. Mtu aliyeitambua gesi ya makaa na kuipa jina hakushuku kwamba gesi iyo hiyo ilikuwa ikiulisha mwerebi wake. Maji yalishiriki, lakini kaboni yote ya mti ule ilitoka hewani. Jambo hilo lilithibitishwa kwa vipimo na Nicolas-Théodore de Saussure wa Geneva mwaka 1804.

Nayakumbuka haya nisikiapo watu wakidai kwamba ongezeko la gesi hii ni neema kwa mkulima. Imepanda kutoka takriban sehemu 280 katika kila sehemu milioni za hewa, kabla ya enzi ya viwanda, hadi zaidi ya 420. Dai lao lina ukweli. Jani huivuta gesi kupitia vitundu vidogo mno, na maji hutokea mlango huo huo. Gesi ikiwa tele, jani huibana milango hiyo, likaokoa maji. Ngano, mpunga na maharagwe hukua upesi zaidi. Lakini mahindi yetu, ambayo tayari hujikusanyia gesi ndani ya jani, hufaidika kidogo sana, isipokuwa wakati wa ukame, kwa kule kuokoa maji. Tena jani lisilotoa maji hupata joto zaidi, ilhali gesi iyo hiyo inazidi kuipasha dunia moto.

Kuna na la uzito. Ngano iliyokuzwa katika hewa yenye sehemu 550 hivi imeonekana kupungukiwa na zinki kwa karibu asilimia 9, na chuma na protini pia zimepungua. Gunia huweza kuongezeka uzito, na mtoto alaye mkate wake akashiba, huku akipata madini machache kuliko aliyoyapata babu yake.