Stu Ungar

Stu Ungar (jina kamili: Stuart Errol Ungar; 8 Septemba 1953 – 22 Novemba 1998) alikuwa mcheza karata wa Marekani aliyeishi kwa kamari tangu ujana wake hadi kifo chake. Alijulikana kwanza kwa mchezo wa jin rami, kisha kwa poka. Alishinda shindano kuu la Mashindano ya Dunia ya Poka mara tatu, katika miaka ya 1980, 1981 na 1997. Kwa sababu ya umbo lake dogo na sura yake ya kitoto, wenzake walimpa jina la utani la "Mtoto".

Maisha ya awali

Ungar alizaliwa katika jiji la New York, katika familia ya Kiyahudi, akakulia upande wa mashariki wa Manhattan kusini. Baba yake, Isidore, alikuwa na baa ambayo pia ilikuwa kijiwe cha wacheza kamari, na mwenyewe alipokea dau za watu. Hivyo mtoto alizoea karata mapema. Akiwa na umri wa miaka 10, wakati wa likizo na wazazi wake katika milima ya Catskill, alishinda shindano la jin rami.

Baba yake alifariki kwa ugonjwa wa moyo mwaka 1967, na baadaye mama yake akapata kiharusi. Ungar aliacha shule ya sekondari akaanza kucheza kwa fedha ili kuikimu familia. Alisaidiwa na Victor Romano, mtu aliyedaiwa kuwa na uhusiano na magenge ya wahalifu wa New York. Romano alimlinda na kumtafutia wapinzani.

Kutoka jin rami hadi poka

Jin rami huchezwa na watu wawili kwa karata 52. Kila mchezaji huunda mafungu ya karata zinazofanana au zinazofuatana, huku akijaribu kubaini mpinzani ameshika nini kwa kuangalia anazookota na anazotupa. Ungar alikuwa na kumbukumbu ya ajabu, na baada ya karata chache tu mara nyingi aliweza kujua mkono mzima wa mpinzani. Aliwashinda mabingwa wote wa New York waliothubutu kukaa naye mezani.

Ushindi huo ndio uliomharibia riziki. Kadiri sifa zake zilivyoenea, ndivyo watu walivyokataa kucheza naye, hata alipowapa nafasi ya kuanza wakiwa mbele. Katika miaka ya 1970 alihamia Las Vegas, lakini huko nako wapinzani wa jin rami wakamwishia.

Alijaribu pia blakijeki, mchezo ambao mwenye kukumbuka karata zilizokwisha kutolewa hupata faida dhidi ya kasino. Bob Stupak, mmiliki wa kasino, alishindana naye kwa dau la dola 100,000 kwamba hataweza kutambua karata zilizobaki katika sanduku la pakiti sita. Ungar alishinda dau hilo. Hata hivyo, kasino zilipomjua zilimfungia milango. Njia iliyobaki ilikuwa poka, ambamo mchezaji hashindani na kasino bali na wachezaji wenzake, na kasino haina sababu ya kumfukuza anayeshinda.

Mashindano ya 1980 na 1981

Poka huchezwa kwa namna mbili. Katika meza ya fedha taslimu, kila chipu ina thamani yake halisi. Mchezaji anaweza kuondoka atakapo, na akifilisika anaweza kununua chipu nyingine. Katika shindano, kila mmoja hulipa kiingilio na kupewa kiasi sawa cha chipu. Dau za lazima hupandishwa kila baada ya muda, na anayemaliza chipu zake hutolewa. Shindano huendelea hadi mmoja awe na chipu zote. Kwa hiyo anayengoja karata nzuri tu humalizwa polepole na dau za lazima, na anayeogopa kutolewa huwaachia wengine fedha za mezani.

Ungar alielewa jambo hilo upesi. Mwaka 1980, akiwa na uzoefu mdogo sana wa Texas hold'em, alilipa kiingilio cha dola 10,000 katika shindano kuu lililofanyika kwenye kasino ya Binion's Horseshoe. Walioshiriki walikuwa 73. Alicheza kwa kushambulia, akiongeza dau hasa dhidi ya wale waliokuwa wakilinda chipu zao. Mwishoni alibaki na Doyle Brunson, aliyekuwa bingwa wa 1976 na 1977. Katika mkono wa mwisho Brunson alikuwa na ree na saba, na Ungar tano na nne. Karata tatu za kwanza mezani zilikuwa ree, saba na mbili, hivyo Brunson akapata jozi mbili. Karata ya nne ilikuwa tatu, nayo ikamkamilishia Ungar mfuatano wa kuanzia ree hadi tano. Alipata dola 365,000, na akiwa na miaka 26 akawa bingwa mdogo kuliko wote hadi wakati huo.

Mwaka 1981 alitetea taji hilo kwa kumshinda Perry Green. Baadaye alishinda pia mara tatu shindano kuu la mashindano mengine makubwa ya poka, miaka ya 1984, 1988 na 1989.

Familia na matatizo

Mwaka 1982 Ungar alimwoa Madeline Wheeler. Walipata binti, Stefanie, na Ungar akamlea Richie, mtoto wa mke wake, kama mwanawe. Ndoa ilivunjika mwaka 1986, na mwaka 1989 Richie alijiua.

Ungar hakuwahi kuweka akiba. Alichopata kwenye karata alikipoteza katika mbio za farasi, gofu na michezo mingine ambamo hakuwa na ubingwa wowote. Kokaini, aliyoanza kuitumia ili aweze kukesha mezani, ilimfanya mtumwa. Mwaka 1990 alifika siku ya tatu ya shindano kuu akiwa na chipu nyingi, lakini alikutwa amezimia kwenye sakafu ya chumba chake cha hoteli. Chipu zake ziliendelea kukatwa dau za lazima bila yeye kuwepo, na bado zilidumu hadi nafasi ya tisa.

Kurudi mwaka 1997

Kufikia mwaka 1997 alikuwa hana fedha tena. Rafiki yake Billy Baxter alimlipia kiingilio cha dola 10,000 muda mfupi kabla ya uandikishaji kufungwa, kwa makubaliano ya kugawana zawadi nusu kwa nusu. Siku ya kwanza Ungar alichoka hata akawa anasinzia mezani, lakini baada ya kulala alirudi akiwa na nguvu. Alivaa miwani ya buluu kuficha pua yake iliyoharibiwa na kokaini, na mfukoni aliweka picha ya binti yake.

Washiriki walikuwa 312, na meza ya mwisho iliwekwa nje, kwenye Barabara ya Fremont. Alimshinda John Strzemp akapata dola milioni 1. Mkono wa mwisho ulikamilika tena kwa mfuatano wa ree hadi tano, kama ule wa mwaka 1980. Katika muda wa miezi michache fungu lake liliisha kwa dawa za kulevya na kamari ya michezo. Mwaka 1998 Baxter alikuwa tayari kumlipia tena, lakini Ungar hakutoka chumbani mwake.

Kifo

Tarehe 22 Novemba 1998 alikutwa amekufa katika chumba cha hoteli ya bei nafuu huko Las Vegas, akiwa na umri wa miaka 45. Uchunguzi ulionyesha kwamba alikufa kwa matatizo ya moyo yaliyotokana na miaka mingi ya kutumia dawa za kulevya. Stupak alichangisha fedha za mazishi yake.

Urithi

Mwaka 2001 Ungar aliingizwa katika orodha ya heshima ya wachezaji wa poka. Johnny Moss naye ana mataji matatu ya shindano kuu, lakini lile la 1970 alilipata kwa kura za wenzake. Ungar alipata yote matatu kwa kucheza hadi mwisho.

Mwaka aliofariki ndio ulioanza mchezo wa poka kwa fedha kupitia intaneti. Mwaka 2003 Chris Moneymaker, mhasibu aliyepata nafasi yake kupitia intaneti, alishinda shindano kuu lenye watu 839, na mwaka 2006 washiriki walifika 8,773. Wengi wanaoishi kwa poka leo hupata wapinzani wapya kila siku bila kutoka nyumbani, jambo ambalo Ungar alilikosa katika jin rami. Lakini kosa lililomwangusha halikuwa mezani: hakuwahi kutenga fedha za mchezo na fedha za maisha.