Ernst Kotz, mmisionari aliyetafsiri Agano Jipya kwa Chasu

Kila Jumamosi asubuhi, njia za Suji, wilayani Same, huwa na waumini waendao kanisani na Biblia mkononi. Historia ya desturi hiyo haielezeki bila kumtaja Mjerumani Ernst Kotz.

Waadventista Wasabato wa kwanza, A. C. Enns na Johannes Ehlers, walifika nchini Novemba 1903 na kuanzisha kituo cha Giti, Mamba. Kutoka hapo kazi ilienea milimani hadi Suji. Kotz, aliyejiunga nao baadaye, alitambua kuwa Kiswahili pekee kisingemfikisha kwenye meko ya mama wa Kipare. Akajifunza Chasu, na mwaka 1909 sarufi yake ya lugha hiyo ilichapishwa Berlin.

Wapare walimjua Muumba, wakimwita Kiumbi. Hata hivyo, maradhi na ukame yalihusishwa na mizimu, nayo ilidai tambiko mbele ya mafuvu ya wazee. Kotz alihubiri kuwa Mungu ndiye mwenye enzi juu ya mvua na mauti, na kwamba wokovu ni neema, haununuliwi kwa mbuzi. Halikuwa jambo jepesi. Aliyeacha tambiko alijitenga na ukoo wake, na msiba wowote uliofuata angeweza kubebeshwa yeye. Isitoshe, wamisionari hao hao waliohubiri neema walisisitiza Sabato na kuacha pombe. Mgeni wa imani hiyo angeweza kuona amebadilishiwa masharti tu. Ndiyo maana ilikuwa muhimu Mpare ayasome Maandiko mwenyewe.

Vita Kuu ilizuka mwaka 1914, na mwaka 1916 majeshi ya Uingereza yaliiteka Upare. Kazi ya Wajerumani ikavurugika. Pamoja na hayo, Agano Jipya la Chasu lilitoka mwaka 1922.

Mwaka huo huo Kotz alitoa kitabu kwa Kijerumani, akiwaeleza Wapare kama watu waliotekwa na hofu. Hapo hakuwatendea haki kikamilifu. Watu waliochimba ndiva na kugawana maji ya mifereji kwa zamu hawakuongozwa na hofu peke yake.

Katika miaka ya 1930 Kotz alikuwa Marekani, katibu mwenza kwenye makao makuu ya kanisa lake, mbali na milima ambako tafsiri ya Chasu ilibaki mikononi mwa wenyewe.