Sir John Murray, Mpima Vilindi

Vijito vishukavyo Uluguru na kupita kwetu Kilakala huingia Ngerengere, kisha Ruvu, na mwisho Bahari ya Hindi, vikichukua udongo wa mashamba yetu. Tangu zamani mabaharia wa pwani hupima maji kwa bildi, wasije wakapanda mwamba. Lakini vilindi vya mbali kamba zao hazikuvifikia. Katika waliotufunulia habari za vilindi hivyo yumo Sir John Murray.

Alizaliwa Kanada mwaka 1841, akahamia Scotland angali kijana. Alisoma Edinburgh elimu nyingi, wala hakujali mtihani wa kupata shahada. Mwaka 1872 alisafiri katika merikebu Challenger pamoja na wataalamu wengine, mkuu wao Wyville Thomson. Kazi ilichosha: kushusha kamba yenye vyuma vizito, kungoja, kisha kuivuta pamoja na tope kidogo la chini. Walifanya hivyo zaidi ya miaka mitatu. Tarehe 23 Machi 1875, katika Pasifiki, upande wa Guam, bildi ilishuka pima 4,475, yaani mita 8,184, kimo kinachokaribia milima minne ya Lupanga iliyopandana. Vyombo vya siku hizi vimeonyesha kwamba bonde lile lapita mita 10,900.

Murray alichungua tope lile, akaona kwamba karibu na nchi kavu ni udongo ulioletwa na mito, bali mbali baharini mahali pengi ni maganda ya viumbe vidogo mno. Thomson alipofariki mwaka 1882, Murray aliishika kazi ya kutoa vitabu vya safari ile, akaimaliza mwaka 1895, navyo ni 50.

Ndipo akaanza kupima maziwa ya Scotland. Msaidizi wake, Frederick Pullar, alikufa maji mwaka 1901 akiwaokoa watu barafu ilipovunjika. Baba wa marehemu, Laurence, akashika nafasi ya mwanawe na kutoa fedha, hata maziwa 562 yakapimwa.

Murray mwenyewe aliuawa katika ajali ya motokari mwaka 1914, lakini alikuwa ameweka akiba kwa kazi ya bahari. Kwa fedha hiyo, mwaka 1933 na 1934, merikebu ya Misri, Mabahiss, ilipima Bahari ya Hindi kwa mwangwi, ikafika Mombasa na Unguja. Hivyo kamba iliyoponyoka mkononi mwa mmoja ilishikwa na mwingine, hata kipimo kikafika bahari ipokeayo maji ya milima yetu.